Mama Mizani na Vitufe Vyake

Madereva wote walimwita Mama Mizani, na nilipofika nami nikamwita hivyo hivyo. Jina lake la ubatizo nililisikia siku moja tu, likitajwa hospitalini, na hata pale niligeuka nikitafuta ni mgonjwa gani mwingine anayeitwa.

Kazi yake ilikuwa kupima malori. Shamba la mkonge lililotuajiri liko nje kidogo ya Voi, upande ambao ukiinua macho unakutana na mlima wa Sagalla, na kila kilichoingia au kutoka kilipita juu ya chuma kipana kilichokuwa mbele ya chumba chake: trela za majani mabichi zikiingia, malori ya marobota ya katani yakitoka kwenda Mombasa. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha la kuongelea na madereva, meza, kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na kompyuta. Kompyuta aliiweka kando, karibu na ukuta. Yeye alikaa akitazama lori.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuangalia kompyuta za shamba zima. Nimezaliwa Mwanda, kule juu ambako watu huvaa sweta hata mchana, na wiki zangu za kwanza Voi nilitembea na kitambaa cha kujifutia jasho kama mzee. Aliponiuliza kwetu ni wapi nikamwambia, akaamua kwamba hilo ndilo jina langu. "Wewe Mwanda," aliniita, mpaka leo.

Tulianza vibaya. Hesabu za shamba zilikuwa kwenye mashine moja ya zamani sana iliyokaa ofisi kuu. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuzungumza na mashine hiyo alikaa mbele ya kioo chake maalumu, cheusi chenye maandishi ya kijani, na kibodi pana nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Vioo hivyo vilipoanza kufa kimoja baada ya kingine na vipuri havipatikani tena, tukaletewa kompyuta za kawaida zenye programu ya kuigiza kile kioo cha zamani. Unaifungua, linatokea dirisha jeusi, herufi za kijani zinakuja, na ile mashine ya ofisi kuu haijui kwamba inaongea na kitu kingine. Mimi niliona ni jambo zuri. Niliifunga kompyuta mpya chumbani kwake, nikaondoka na kile kioo cha zamani kwenye toroli.

Sijafika mbali nikasikia naitwa.

"Wewe binti! Kutuma iko wapi?"

Nikarudi. "Bonyeza Enter, Mama."

Akabonyeza huku akinitazama. Kimshale kikashuka mstari mmoja, kikakaa kinapepesa.

"Hiyo imeshuka," akasema. "Mimi nimeuliza kutuma."

Alikuwa na haki. Kwenye kibodi ya zamani kulikuwa na kitufe kikubwa pembeni kabisa, chini kulia, cha kupeleka ukurasa mzima kwa mashine kuu. Kibodi mpya haikuwa nacho, na programu ilikuwa imehamishia kazi hiyo kwenye kitufe fulani cha safu ya juu. Nikamwonyesha. Akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa choo cha jirani.

"Nikianza kutafuta huko juu, macho yangu yatoke kwa lori. Macho yakitoka kwa lori, utingo anaruka juu ya mizani na mawe yake. Unataka nipime mawe?"

"Utazoea, Mama."

"Na wewe utazoea kurudi hapa."

Nilirudi mara nyingi kweli, mpaka nilipokaa nikasoma maelezo ya programu ile na kugundua kwamba ilikuwa na ukurasa wenye picha ya kibodi, ambapo unaweza kukipa kila kitufe kazi unayotaka. Nikachukua kitufe cha pembeni chini kulia, ambacho peke yake hakikuwa na kazi yoyote, nikakifanya kiwe cha kutuma. Nikamwambia ajaribu. Trela ilikuwa imesimama nje. Hakuangalia kibodi wala kioo. Alitazama magurudumu, vidole vikaandika, kidole gumba kikateremka pembeni, na karatasi ikaanza kutoka kwenye printa.

"Haya," akasema. "Sasa tumeelewana."

Kesho yake aliniletea mrenda kwenye bakuli. Alikuwa ameupanda nyuma ya chumba cha mizani, akiumwagilia maji aliyooshea vikombe. Alitoka upande wa Kakamega na aliamini kwamba mtu asiyekula mrenda hajakula mboga bado. Sisi Wataita tuliupokea kwa adabu tukahangaika nao vijikoni. Aliugawa kwa kila mtu: meneja, walinzi, madereva wa Kikamba waliocheka jinsi unavyovutika, hata wale wageni waliokuja kukagua vifaa vya kuzima moto. Ukikataa, alidhani una haya, akakuongezea.

Nautaja mrenda kwa sababu mtu mkarimu vile ungedhani ni mkarimu katika kila kitu. Kwenye kibodi yake alikuwa mchoyo kupindukia. Tangu siku alipojua kwamba vitufe vinaweza kufundishwa, hakutulia. Alitaka kitufe kimoja kiandike jina lote la shamba. Alitaka kingine kirudie namba ya gari la mwisho, kwa sababu trela zilikuwa zile zile zikizunguka. Alitaka Enter isishuke mstari mmoja, iruke mpaka kwenye nafasi ya uzito. Alitaka kile cha kufuta kila kitu kihamishwe mbali, mahali ambapo mkono haufiki kwa bahati mbaya. Kila nilipopita alikuwa na jambo.

"Kwani hii inasikia?" aliniuliza siku za mwanzo, akiipapasa kibodi. "Miaka yote hiyo nimekuwa nikiifuata mimi."

Basi nikampangia, na nikiri nilifurahia kazi hiyo kuliko nyingine zote pale shambani. Wengine ofisini walitumia kompyuta kama walivyozikuta. Yeye aliitaka ikae mwilini mwake kama nguo iliyoshonwa. Lakini hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuivaa. Maandishi yalikuwa yamefutika kwenye vitufe vingi kwa kusuguliwa, na alikataa kibodi mpya nilipompelekea. Karani wa mishahara, kijana mwenye familia aliyetoka Wusi, ndiye aliyepaswa kumshikia zamu akienda likizo, naye kila mara aliomba aonyeshwe. Jibu lilikuwa lile lile.

"Usiguse. Uliza."

"Nimeuliza, Mama."

"Basi umeuliza vizuri. Kesho."

Na likizo hakwenda. Alisema Kakamega kuna mvua nyingi.

Alikuwa na vituko vyake. Chai alikunywa kavu bila sukari, lakini yako aliijaza sukari bila kukuuliza. Aliimba nyimbo za kwaya kwa Kiluhya akipima, na kama uzito haukumridhisha aliacha wimbo katikati ya neno. Treni ya abiria ilipopita kule mbali juu ya daraja lake la zege, alisimama kuitazama, kila siku, kama hajawahi kuiona. Kidawida, lugha yetu Wataita, alikijua cha salamu na cha kukataa tu, lakini alikitumia kwa ujasiri mkubwa, na bibi waliouza ndizi langoni walimsalimia makusudi ili wacheke naye.

Ndovu aliwaogopa kupita kiasi, na ni yeye aliyekutana nao. Asubuhi moja, jua ndiyo limetoka, uzio ulikuwa umevunjwa usiku na ndovu mmoja dume alikuwa anarudi zake mbugani kupitia katikati ya shamba. Barabara ya kwetu inapita juu ya mizani, na ndovu naye akapita barabarani. Akakanyaga chuma, miguu yote, akasimama kunusa dirisha. Mama Mizani alikuwa amejifungia ndani, amejibana ukutani karibu na kompyuta. Alituambia baadaye kwamba aliona namba zikipanda kwenye kioo kidogo cha mizani pale dirishani, zikatulia, na mkono wake ukaziandika kama ulivyozoea. Kwenye nafasi ya namba ya gari akaandika NDOVU. Kisha kidole gumba kikashuka pembeni.

Mchana simu ikapigwa kutoka ofisi kuu. Mhasibu alitaka kujua hii trela mpya inaitwaje na mbona haijawahi kutoka, imeingia tu.

Meneja alinituma nikamwombe aifute. "Nimepima, sijapima?" akaniuliza. "Kama nilipima, imepimwa. Mwambie yule mhasibu aje atafute namba ya gari mwenyewe, nyayo ziko hapo." Mwishowe niliifuta mimi, kutoka mezani kwangu, lakini hakunisemesha siku hiyo mpaka nilipokwenda na bakuli kuomba mrenda.

Siku aliyoanguka ilikuwa msimu wa kusafirisha, malori yamepangana. Nilikuwa pale kwa sababu printa ilikuwa inatafuna karatasi. Alikuwa anamwambia dereva asogee mbele kidogo, na maneno yakaanza kulainika, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Dereva akacheka, akidhani anamtania. Mimi nikaona mkono wake wa kulia umeteleza kwenye kibodi, umelala pajani, naye anautazama kama wa mtu mwingine.

"Mama?"

Akanitazama. Upande mmoja wa uso haukufuata.

Yule dereva aliruka kutoka kwenye lori lake, akambeba kama mtoto, tukampakia kwenye gari la meneja mpaka hospitali ya Voi. Huko ndiko nilikosikia jina lake likiitwa. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kufika mapema kumesaidia. Nilikaa naye mpaka dada zake wa kanisani walipokuja.

Shambani mambo yalikuwa yameharibika. Karani kutoka Wusi alikaa kwenye kile kiti ili malori yasisimame. Aliandika uzito, akabonyeza Enter, ikaruka kwenda asikokujua. Akabonyeza cha kufuta herufi moja, kikaandika jina la shamba. Akajaribu kutuma kwa kile kitufe cha juu alichokizoea kwenye kompyuta yake mwenyewe, na hapo ndipo Mama Mizani alipokuwa amehamishia kile cha kufuta kila kitu. Vipimo vya lori zima vikatoweka. Akaanza upya, vikatoweka tena. Niliporudi nilikuta foleni imefika barabara ya lami, madereva wanapiga honi, naye amekaa mikono juu ya magoti, hataki kugusa chochote.

Nilirudisha kibodi ilivyotoka kiwandani, na malori yakaanza kusogea. Jioni meneja alituita. Alikuwa mtu mtulivu, lakini siku hiyo alisimama wakati wote akiongea. Kuanzia leo, alisema, kila kibodi shambani itakuwa sawa na nyingine. Hakuna kitufe cha mtu binafsi. Ni mimi niliyekuwa nimempangia Mama Mizani.

Mama Mizani alirudi baada ya miezi kadhaa, kwa miguu yake, akiuburuta mmoja kidogo. Maneno yalikuwa yamerudi karibu yote. Mkono wa kulia haukurudi. Aliweza kuunyanyua mpaka mezani na kuuweka pale kama kizito cha kuzuia karatasi, basi. Walimpangia kazi ya kukaa langoni kuandikisha wageni. Nilimkuta huko, kwenye kiti cha plastiki, anatazama malori yanavyopanda mizani bila yeye.

"Mwanda," aliniambia, "huyu kijana anapima vizuri?"

"Anapima, Mama. Polepole."

"Anatazama wapi? Anatazama kioo?"

"Anatazama kioo."

Akauinua mkono wa kushoto, akautandaza mbele yangu, vidole vyote. "Huu uko sawa. Daktari mwenyewe amesema. Kibodi si inasikia? Iambie kutuma kumehamia kushoto."

Nilimweleza amri ya meneja. Alijua tayari. Aliniambia tu, bila kupandisha sauti, kwamba langoni atakufa.

Kwa hiyo nikatafuta njia. Programu ile iliweza kutunza mpangilio zaidi ya mmoja. Nikatengeneza miwili: wa kawaida, ambao mtu yeyote angeukuta akifungua, na wa Mama Mizani, unaochaguliwa kwa jina lake unapoingia. Akitoka, kibodi inarudi ya wote. Kutuma nikakiweka pembeni chini kushoto. Herufi zilizokaa mbali nikazileta karibu, na vile vya kubonyezwa viwili pamoja nikavifanya vibonyezwe kimoja kimoja. Namba ndizo zilizonisumbua, maana zile kubwa zinakaa kulia kwa kibodi. Nikatafuta kikibodi kidogo cha namba peke yake, kinachounganishwa kwa waya, nikakiweka kushoto kwake.

Nilimwomba meneja aje aone kabla hajakataa. Alikuja, akasimama mlangoni. Lori lilikuwa juu ya mizani. Mama Mizani alikaa kwenye mto wake, akavuta pumzi, akaandika, na akatuma kabla hajajaza uzito. Mashine kuu ikakataa na kulia. Akaanza tena. Mara hii aliruka namba ya gari. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na dereva kule nje akaita, "Mama, vipi?"

"Ngoja bwana! Ulizaliwa na haraka?"

Sauti hiyo tulikuwa hatujaisikia tangu aanguke. Karani kutoka Wusi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaanza kucheka, na meneja naye akatazama chini kuficha uso. Mara ya tatu alitoa macho kwenye kibodi kabisa, akayapeleka kwenye magurudumu. Vidole vya kushoto vikaenda, taratibu, vikasimama, vikaenda. Kidole chake kidogo kikashuka pembeni. Printa ikaamka. Lakini karatasi ikakwama, na kuichomoa kunahitaji mikono miwili.

Tukabaki tunaitazama. Kisha Mama Mizani akageuza kichwa kwa karani.

"Wewe, si una mikono? Njoo nikuonyeshe."

Meneja alisema tujaribu kwa muda tuone. Hakusema tena juu ya jambo hilo, na hakuna aliyemuuliza. Walifanya kazi chumba kimoja, yeye akipima, karani akishika karatasi na kufunga vitabu, na katika kushika karatasi akafundishwa kila kitu: namna ya kusikiliza chuma kinavyotulia, ni dereva gani husimamisha gurudumu moja nje, kwa nini usitume mpaka lori liache kupumua. Alimfundisha kwa ukali, akimpiga kofi la begani kwa huo mkono mmoja, na kijana yule aliniambia hajawahi kufundishwa vizuri hivyo. Siku moja niliifungua kompyuta yake ya mishahara, nikautambua mpangilio. Alikuwa amejipangia kutuma kwake pia kuwe pembeni, kama kwa Mama.

Kisha zikaja tableti. Ofisi kuu ilitaka mizani zote ziachane na kompyuta za mezani, kila karani ashike kioo mkononi na kutoka nje kwenye lori. Niliichaji moja nikampelekea. Akaigusa kwa ncha ya kidole, akaisukuma nyuma.

"Hii haina ukingo," alisema. "Kwenye kibodi kidole kinajua kimefika kwa sababu kuna mlima mdogo. Hapa ni uwanda. Nitajuaje nimefika nikiwa natazama lori?"

Na safari hii shida yake ilikuwa yangu pia, kwa sababu programu yetu ya dirisha jeusi haikutengenezwa kwa tableti. Ilijua kompyuta za aina moja tu. Nilitafuta nyingine, nikajaribu kadhaa ambazo zilipenda kuandika takataka badala ya herufi, mpaka nikapata moja iliyoelewana na mashine kuu na kukubali kibodi ya nje. Mipangilio ya zamani haikuhamia. Ilibidi tuanze upya, kitufe kwa kitufe, mimi na yeye tumekaa pamoja mchana kutwa, chai ya sukari nyingi pembeni yangu. Alikumbuka kila kimoja. Nilipokosea aliushika mkono wangu akaupeleka mahali panapofaa, macho yake yakiwa nje. Tableti ikafungwa ukutani mahali pa kompyuta, na kibodi ikakaa mezani. Mkaguzi aliyekuja aliuliza kwa nini hii haibebwi kama nyingine. Akaambiwa imechoka kubebwa. Akaletewa mrenda.

Mama Mizani alistaafu mashine ile ya ofisi kuu ikiwa bado hai. Siku ya kumuaga, madereva walipita wakipiga honi, na karani kutoka Wusi alilia waziwazi, jambo ambalo Mama Mizani alilikemea kisha naye akalifanya.

Mimi nilihama mwaka uliofuata, nikapata kazi Wundanyi, na tukawa wa kusalimiana kwa simu wakati wa Krismasi. Juzi juzi niliteremka Voi kununua waya fulani, nikaingia saiba moja, duka la kukodisha kompyuta, iliyo karibu na soko ili kuchapisha karatasi. Nilikuwa nasubiri zamu yangu nikasikia sauti kutoka kona.

"Usikipige. Kiguse tu kama unamwamsha mtoto."

Alikuwa amenenepa kidogo, amefunga kitambaa cha kanisa, mkono wa kulia umelala mapajani. Kando yake alikaa mzee mrefu mwenye koti, mikono yote miwili ikitetemeka kama majani. Nilimwita. Aligeuka, akapaza sauti saiba nzima ikasikia.

"Mwanda! Mulembe! Nani amekushusha kutoka baridini?"

Akanivutia kiti. Alinieleza kwamba siku za soko mwenye saiba humwachia ile meza, na watu wa hospitali wa kunyoosha viungo wamezoea kumwelekezea wale ambao mikono imewagomea. Anawapangia kibodi. Mzee yule alikuwa gadi wa reli zamani, sasa anaishi Mboghoni na kulima vitunguu kwa kusaidiwa. Akibonyeza herufi moja zilitoka kumi. Barua zote kwa binti yake aliye ng'ambo alikuwa akiwaandikisha wajukuu.

Niliona mpangilio haujakaa sawa, nikanyoosha mkono kwenye kipanya. Akanipiga kidogo kwenye kifundo.

"Leo wewe ni mgeni. Kaa."

Mwenyewe akafungua ule ukurasa, mkono wa kushoto ukienda bila haraka, akaiambia kibodi isihesabu mguso unaojirudia, na isubiri kidogo kabla ya kukubali kingine. Kisha akaisogeza mbele ya mzee.

"Jaribu jina la mtoto."

Mzee alishusha kidole. Kilitetemeka juu ya kitufe, kikagonga, kikagonga tena bila kutaka. Kwenye kioo ikatokea herufi moja. Akamtazama Mama Mizani, kisha kioo. Akatafuta ya pili. Likatoka jina zima, kila herufi mara moja. Alivua kofia akaiweka mezani.

"Hiyo ni jina tu," Mama Mizani akamwambia. "Barua bado. Endelea."

Akaendelea. Tulimsikiliza, tukiongea mambo ya shamba kwa sauti ya chini, nani amestaafu, nani ameoa. Zamu yangu kwenye printa ilikuwa imeshafika, nikaipuuza. Baadaye kidogo vitufe vikanyamaza. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama," akasema, "hii inayofuata, naomba msisome."

Mama Mizani aliushika mgongo wa kiti chake kwa ule mkono mmoja, akakigeuza kikatazama mlangoni, akaniashiria nami nigeuze changu. Tukakaa hivyo mimi na yeye, tukiwatazama watu wa soko wakipita na vikapu vyao juani, na nyuma yetu mzee akaanza kuandika, herufi moja, na nyingine, na nyingine.